Ufagio wa Bi Gudny

Kitu cha kwanza alichokiona Darka asubuhi ile kilikuwa skafu. Bi Gudny Bjarnason hakuwa mtu wa skafu. Miaka yote aliingia kwenye ukumbi wa barafu shingo wazi, kifungo cha juu cha koti hakijafungwa, kana kwamba baridi ni ndugu yake wa damu asiyeweza kumdhuru. Sasa alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia viatu, skafu ya sufu ya kijivu imemzunguka mpaka kidevuni, akichomoa nyasi zilizolegea kwenye ufagio wake na kuzitia mfukoni. Nyasi moja tu ikidondoka kwenye barafu wanakotelezesha mawe ya mchezo wao, jiwe likipita juu yake linakwenda upande kama mlevi.

Darka Woloshyn alivaa viatu vyake bila kusema kitu. Kila mtu pale kijijini Eldvik alijua kwamba Bi Gudny alipasuliwa koo huko mjini Winnipeg mwanzoni mwa vuli. Ambacho hakuna aliyekijua ni kilichobaki baada ya kupasuliwa.

Jonina aliingia akikung'uta theluji mabegani. Alikuwa mpwa wa Bi Gudny, mwanamke mnene mwenye mashavu mekundu, asiyejua kunyamaza.

"Shangazi, umeamkaje?"

Bi Gudny akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kama upepo unaopenya chini ya mlango. "Salama," kilisema, na hata hapo kwenye chumba kidogo ilibidi wasogee ili wasikie.

Lorna Petrie aliacha kamba za viatu zikining'inia. Lorna ndiye aliyekuwa msaidizi wa nahodha, yaani Bi Gudny, kwenye timu yao ya wanawake wanne. Sauti yake ilikuwa maarufu wilaya nzima; walisema akimwita mumewe aje kula, majirani wa pande zote wananawa mikono.

"Gudny, mwenzangu," alisema, "hebu niambie ukweli. Ndiyo hiyo tu uliyo nayo?"

"Ndiyo hii."

"Na daktari anasemaje?"

Bi Gudny aliugeuza mkono wake juu, akaugeuza chini. Huenda ikarudi, huenda isirudi.

Lorna alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kusema. "Basi sikiliza. Leo tunacheza na Effie Drummond na wenzake wa Glenbrae. Si watu wa kuwachezea. Nahodha anasimama kule mwisho, sisi tunakimbia na jiwe vichwa vimeinama, tunasikia au hatusikii. Wewe hutasikika. Nakupa mchezo huu wa leo kwa sababu ni wewe. Tukienda hovyo, kesho mimi nashika ufagio wa nahodha, na wewe..." Alisita.

"Na mimi nakaa jikoni nauza keki," Bi Gudny alimalizia kwa ule upepo wake.

"Sikusema hivyo."

"Ulikuwa unaelekea huko."

Jonina alicheka, Lorna naye akacheka kidogo, lakini neno lilikuwa limeshasemwa. Bi Gudny aliinamisha kichwa kukubali. Akaendelea kuchomoa nyasi.

Miaka ishirini na zaidi Bi Gudny alikuwa amesimama kule mwisho wa barafu, ufagio mkononi, akiwaambia watu wapi walenge. Alizika mume, akaoza mabinti, akauza shamba la upande wa ziwa, na kila majira ya baridi alirudi pale pale. Mtu angemnyang'anya nyumba yake, angehamia kwa jirani na kuendelea kuishi. Kumnyang'anya ufagio ule kulikuwa jambo jingine.

*

Majira mawili ya baridi kabla ya hapo, Darka alikuwa mwosha vyombo wa jiko la ukumbi. Shule aliiacha darasa la nne mama yake alipougua kifua na wadogo zake wakahitaji mtu wa kuwapikia. Wala shule yenyewe haikumlilia. Kila aliposimamishwa kusoma kwa sauti herufi zilimkimbia, darasa likacheka, na tangu hapo akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa.

Jikoni pale palikuwa na dirisha kubwa la kioo linalotazama barafu. Siku moja Bi Gudny alikuja kuchukua kahawa akamkuta amesimama na sahani yenye povu mkononi, akilitazama jiwe linaloteleza.

"Litafika?" Bi Gudny alimuuliza. Wakati ule sauti yake ilitetemesha vikombe.

Darka alitikisa kichwa. Jiwe lilikwenda, likachoka, likafia njiani.

"Na lile pale?"

Akakubali kwa kichwa. Lile likafika.

Bi Gudny aliweka kikombe chini. Akachota unga kwenye pipa, akaumwaga juu ya meza, akausawazisha kwa kiganja, na kuchora miviringo kwa kidole, mmoja ndani ya mwingine. Akachukua vipande vya sukari na plamu kavu zilizokuwa zikingoja kutiwa kwenye keki.

"Hii yote ni nyumba," alisema. "Hapa katikati ni kifungo. Sukari ni mawe yetu, plamu ni yao. Wanatupa wao, tunatupa sisi, mpaka mawe yanakwisha, hiyo ni duru moja. Aliye karibu zaidi na kifungo ndiye anayehesabu, mwenzake hapati kitu. Umeelewa?"

Darka aliitikia kwa kichwa.

"Jiwe lililokaa mbele ya nyumba kuziba njia ni mlinzi. Huu mstari wa huku mbele ni mstari wa nguruwe. Jiwe lisipouvuka, ni nguruwe, linatolewa nje, wala usilie. Jiwe likija taratibu likasimama limegusana na la adui bila kulisogeza, limeganda naye, na hapo wawili hao kuwatenganisha ni shughuli. Ufagio wako ukiligusa jiwe linalotembea, limeungua. Na wewe uliyeligusa ndiye unayesema, hata kama dunia nzima ilikuwa inatazama kwingine."

Akachukua kipande cha mwisho cha sukari akakishika juu, kwenye mwanga.

"Na hili la mwisho kabisa kwenye duru, ambalo likishatupwa hakuna wa kujibu, linaitwa nyundo. Anayelitupa ni nahodha. Wenzake wote wanaweza kukosea kisha wakaombewa msamaha na anayefuata. Mwenye nyundo hana anayefuata."

Maneno haya hayakumkimbia Darka. Yalikaa. Usiku alipolala na wadogo zake kitanda kimoja aliyapitia moja moja, kama mtu anayehesabu vyombo vyake kabla ya kufunga kabati. Alipenda kwamba watu wazima wenye madeni na ng'ombe walikuwa wamekaa, zamani sana, wakakubaliana kuwa jiwe lisilofika liitwe nguruwe. Alipenda zaidi mambo ya uzito. Mawe yote yamechongwa sawasawa, mizani haioni tofauti. Lakini lililotupwa kwa nguvu wanasema ni zito, lililotupwa kwa upole wanasema ni jepesi, na uzito huo unaondoka kadiri linavyokwenda, mpaka limesimama na halina chochote.

"Mimi nikiwa kule nyumbani, kwenye miviringo, naona njia tu," Bi Gudny alimwambia majira yale alipompa ufagio wa kwanza. "Naona kama limenyooka au linapinda. Uzito siuoni. Uzito mnauona ninyi mnaofagia, maana mnatembea nalo. Mkifagia, barafu inalainika, jiwe linakwenda mbali zaidi na linanyooka. Mkiacha, linachoka na kupinda. Kwa hiyo lazima mniambie. Mfagiaji asiyesema uzito ananifumba jicho moja."

Darka aliitikia kwa kichwa. Akafagia majira mawili kwa bidii, mikono ikawa na sugu, na hakusema uzito hata siku moja. Jonina alisema kwa wote wawili, mara nyingi akikosea, na Bi Gudny kule mwisho alifunika makosa yote kwa sauti yake kubwa.

*

Mzee Steini, mtengeneza barafu, alikuwa amemaliza kunyunyiza. Alitembea kinyumenyume na kopo lake la matone, kama kawaida yake, na matone yalipoganda, uso wa barafu ulikuwa na vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Jiwe hupita juu ya vipele hivyo likiunguruma kwa chini, na sauti hiyo Darka aliipenda kuliko kinanda cha kanisani.

"Ina kasi leo," Mzee Steini aliwaambia. "Msizidishe nguvu."

Effie Drummond wa Glenbrae alikuja kuwapa mkono mmoja mmoja, kama ilivyo desturi, akawatakia mchezo mwema. Alikuwa mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alipofika kwa Bi Gudny alimshika mkono kwa muda.

"Nimesikia kuhusu koo lako. Pole, Gudny. Mume wangu anauliza huyo daktari anaitwa nani, ana kazi nyingine ya kumpa."

Bi Gudny alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Duru ya kwanza ilikuwa aibu. Darka alitupa mawe yake mawili, maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupa siku zote, na yalikaa vizuri, walinzi wawili mbele ya nyumba. Kisha ikaja zamu ya Jonina, naye Darka akafagia na Lorna. Bi Gudny kule mwisho aliinua mkono, akaupunga, akapiga ufagio wake chini. Lakini kwenye barafu ya jirani mchezo mwingine ulikuwa ukiendelea, watu wakipiga mayowe, bati la paa likiyarudisha, na fagio zenyewe zikilia pata-pata-pata kama mvua. Lorna, kichwa chini, hakuona mkono wala hakusikia upepo. Walifagia jiwe lililotakiwa kuachwa, likapita nyumba nzima likagonga ubao wa nyuma. Kwa jiwe la Lorna mwenyewe wakaacha lililotakiwa kufagiliwa. Glenbrae wakahesabu matatu.

"Tutafanyaje sasa, tupeleke barua?" Lorna alisema, akivuta kamasi za baridi. "Jonina, ulisikia kitu?"

"Nilisikia tumbo langu."

Bi Gudny alikuwa amesimama peke yake ndani ya nyumba, amelalia ufagio wake. Kwa umbali ule alionekana mdogo. Darka alimtazama, akakumbuka kwamba katika duru nzima yeye aliuona kila mkono ulioinuliwa. Alizoea kutazama watu midomo na mikono, kwa kuwa mtu asiyesema ana nafasi kubwa ya kutazama. Aliona mkono, na kabla ya mkono alishajua utasema nini. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likarudi.

Duru ya pili, jiwe la kwanza la Jonina. Bi Gudny aliinua kiganja juu na kukishusha kwa nguvu. Fagia.

"Kaza," Darka alisema.

Lilitoka dogo, kama mtu anayeomba radhi. Lakini Lorna alikuwa karibu naye, bega kwa bega.

"Nani amesema?"

"Mimi. Amesema tukaze."

Wakakaza. Jiwe likavuka, likapinda nyuma ya mlinzi, likajificha pale pale Bi Gudny alipoweka ufagio. Jonina alikuja akiteleza nyuma yao, macho yamemtoka.

"Kumbe huyu ana sauti. Mimi nilidhani aliiacha kwa mama yake."

"Nyamaza, usimtishe," Lorna alisema. "Darka, mwanangu, endelea. Lakini paza. Mimi ni mzee, nina barafu masikioni."

Basi akaendelea. Kila jiwe alikimbia nalo jicho moja chini na jingine kule mwisho, na mikono ya Bi Gudny ilipita kwake ikatokea kama maneno. Kaza. Acha. Safisha tu, usikaze. Kaza tena. Mara ya kwanza sauti ilimkwaruza, halafu ikapata njia yake. Duru ya nne walihesabu mawili, na Effie Drummond akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili aone kilichobadilika.

Ndipo alipokosea. Ilikuwa jiwe la pili la Lorna, mlinzi mwepesi, jiwe la kuwekwa tu mbele ya nyumba. Bi Gudny alikuwa bado hajainua mkono, na Darka kwa furaha ya kusikilizwa akajiona ameshafika, akasema mwenyewe: "Acha." Jonina akainua ufagio. Jiwe likapoteza uzito mbele ya macho yao, likajikokota, likasimama kidole kimoja kabla ya mstari.

"Nguruwe," mwanamke mmoja wa Glenbrae alisema, kwa upole tu, kama anayetaja jina la ndege aliyetua. Wakalisukuma nje kwa mguu.

Lorna alikuja kutoka kule alikolitupia. Hakufoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Lilihitaji fagio mbili tatu tu, Darka. Mbili tatu tu."

Darka alihisi darasa zima likicheka, ingawa hakuna aliyecheka. Alitazama dirisha la jikoni. Kule ndani kulikuwa na mvuke na sahani, na sahani hazikumuuliza mtu kitu.

Kisha aliona jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona pale ukumbini. Bi Gudny alitoka nyumbani. Nahodha haachi nyumba yake kwa sababu ya nguruwe mmoja. Anainua mabega, anaonyesha pa kulenga jiwe linalofuata. Lakini yeye alitembea barafu yote, taratibu, ufagio kama fimbo, na wote wakamngoja, hata Effie. Alipofika alimvuta Darka kwa mkono wa koti mpaka vichwa vyao vikakaribiana.

"Umekosea kwa sauti," alisema. "Majira mawili nakungoja ukosee kwa sauti. Sasa kosea tena, lakini safari hii wasikie mpaka jikoni."

Akageuka, akarudi nyumbani kwake, urefu wote ule.

*

Walipofika duru ya mwisho walikuwa sawa kwa sawa, na nyundo ilikuwa yao. Watu wa barafu ya jirani walikuwa wamemaliza, wamejipanga nyuma ya ubao na vikombe vyao. Jikoni wamefungua dirisha.

Jiwe la Glenbrae lilikuwa limelala pembeni kidogo ya kifungo, na mbele yake mlinzi wao ameziba nusu ya njia. Effie alikuwa ametupa la mwisho lao, akawa amesogea pembeni, mikono nyuma. Limebaki moja, la Bi Gudny. Alitakiwa kulipitisha jiwe lake sentimita chache kando ya mlinzi, lipinde, liingie, lilale karibu na kifungo kuliko lao. Akifanya hivyo wameshinda. Asipofanya, hakuna anayefuata.

Nahodha akienda kutupa, msaidizi ndiye anayesimama nyumbani badala yake. Kwa hiyo Lorna alikuwa kule mwisho na sauti yake yote, na Darka na Jonina wakasimama pembeni, fagio tayari. Bi Gudny alisafisha tumbo la jiwe kwa kiganja, akaweka mguu kwenye kikanyagio, akainama. Skafu ilimsumbua. Aliivua akaitupa nyuma, na kovu lake likawa wazi mbele ya wote, jekundu. Akavuta jiwe nyuma, akateleza nalo, akaliachia.

Darka alijua lilipotoka. Lilikuwa zito. Si sana, uzito kama wa mtu aliyevuta pumzi moja zaidi ya aliyohitaji.

"Kaza!" Lorna aliita kule mwisho, na bati la paa likaitikia. "Kaza, litamgonga mlinzi, kaza!"

Lorna hakukosea. Kutoka kule aliiona njia, na njia ilikuwa nyembamba. Jiwe lilikuwa limeanza kupinda mapema, na wasipofagia lingeweza kumgusa mlinzi na kufia pale. Lakini wakifagia, lingenyooka na kukimbia, likapita nyumba, likaenda ukutani.

Jonina aliinama kuanza.

"Acha," Darka alisema. "Ni zito."

"Lorna amesema..."

"Acha, Jonina. Acha, acha, acha." Kila moja ilikuwa kubwa kuliko ya nyuma yake, na ya mwisho ilifika jikoni, maana mtu kule aliangusha kijiko.

Jonina akasimama wima, ufagio hewani, akitembea kando ya jiwe kama mtu anayesindikiza jeneza. Kule mwisho Lorna alibaki mdomo wazi. Kwa majira yote hayo hakuna mfagiaji aliyemjibu.

Jiwe likamfikia mlinzi. Likapita kando yake. Kati ya mawe mawili pangepita ukucha, pengine. Likaendelea kupinda, likiunguruma, likaingia nyumbani, likakikaribia kifungo, na Darka alitembea nalo akijua kila lilichobakiwa nacho, kidogo, kidogo zaidi, likafika kifungoni, likakipita kwa urefu wa kidole gumba, likasimama.

Mawe mawili, lao na la Glenbrae, kila moja upande wake wa kifungo, na jicho halikuweza kuamua.

Ikaletwa fimbo ya kupimia. Wasaidizi wawili tu ndio wanaoruhusiwa kukaribia. Wengine wote hurudi nyuma, na nahodha hutazama kwingine, ndiyo adabu. Lorna alipiga magoti kwenye barafu na mwenzake wa Glenbrae. Waliizungusha fimbo kutoka katikati, taratibu. Lorna ndiye aliyekuwa upande wa kuona. Darka alimwona akiizungusha mara ya pili, uso umeganda. Kisha akainuka, akajipangusa magoti.

"Ni lenu," Lorna aliwaambia Glenbrae, kabla mwenzake hajafungua mdomo. "Unene wa njiti ya kiberiti. Lenu."

*

Walioshinda ndio wanaonunua kahawa na keki, na kila mmoja hukaa mbele ya mwenzake wa nafasi yake. Hivyo Effie Drummond alikaa mbele ya Bi Gudny, na Darka akakaa mbele ya binti mmoja wa Glenbrae mwenye meno mapana aliyemsogezea kipande kikubwa cha keki ya plamu. Kahawa ilikuwa moto. Vidole vilianza kuuma vikirudi kuwa vidole.

Darka hakula. Alikuwa anamngoja Lorna aseme. Wamepoteza, na mchezo wa leo ndio uliokuwa umewekwa mezani. Na yeye ndiye aliyesema acha.

Effie alikoroga kahawa yake. "Nataka kujua jambo moja. Nani alimnyamazisha Lorna Petrie? Maana mumewe atataka kuja kujifunza."

Meza yote ikacheka. Jonina akamnyooshea Darka kidole gumba bila kugeuka.

"Ningekuwa nafagia mimi," Effie alisema, "ningemsikiliza Lorna. Na jiwe lingekuwa bado linakwenda mpaka sasa."

Lorna alikunja midomo. Alizungusha kikombe chake mara kadhaa. "Nilikuwa naangalia njia," alisema. "Njia niliiona vizuri. Uzito ule sikuuona." Kisha akanyanyuka, akaenda mpaka ukutani fagio zilipoegemezwa, akarudi na ule wa Bi Gudny, akauweka kwenye kiti kitupu kando ya mwenyewe kama anayemkalisha mgeni. "Kesho saa tatu tunacheza na wale waliopoteza kama sisi. Nahodha usichelewe. Na huyu," alisema akimgusa Darka begani, "asubuhi asipewe maziwa ya baridi. Hiyo sasa ni sauti ya timu."

Bi Gudny aliushika mpini wa ufagio chini ya meza, mkono mmoja, na hakuuachia. Baadaye alijipiga kofi dogo kwenye mkono wa kulia, ule aliotupia, akamtikisia kichwa Lorna: zito, kosa langu.

Halafu akavuta bakuli la sukari. Wachezaji wote hufanya hivyo, wakishinda au wakishindwa. Mchezo haujaisha mpaka uchezwe tena mezani. Alipanga vipande vya sukari na makombo ya keki: nyumba ya sahani, kifungo cha tone la kahawa, mlinzi, jiwe la Glenbrae. Effie alimsaidia, akisogeza kombo moja kushoto kidogo, kwa haki. Ilipofika pa jiwe la mwisho, Bi Gudny alishika kipande cha sukari juu, kwenye mwanga. Hakukiweka. Alimtazama Darka, akakinyoosha kwake kuvuka meza, nyusi zimeinuliwa, kama anayeuliza.

Darka alikitazama kile kipande cheupe. Tangu siku ya unga alikuwa amekibeba, wakati wa kuosha sahani, wakati wa kufagia, kitandani kati ya wadogo zake, na hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake. Alikipokea.

"Naitaka nyundo," alisema. "Si kesho, Bi Gudny. Lakini naitaka."